Fridge-tag 2: kifaa kinachokesha ndani ya friji ya chanjo

Mimi ni muuguzi, na katika kituo chetu cha afya upande wa Katuba, Lubumbashi, ufunguo wa friji ya chanjo uko mfukoni mwangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Wenzangu wa vituo vingine hawaishi kuniuliza kuhusu kile kidude tulicholetewa cha kupima joto, kama kweli kinafaa au kimekuja kutuongezea kazi, na kila mmoja nimekuwa nikimjibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo linakauka. Basi nimeona niandike mara moja, kwa kirefu, wasome wote.

Kinaitwa Fridge-tag 2, na kilibuniwa na kampuni ya Berlinger ya Uswisi. Kinaenea kwenye kiganja. Kina kioo kidogo, vitufe viwili vilivyoandikwa SET na READ, na kichwa cha USB cha kuchomekwa kwenye kompyuta. Unakilaza ndani ya friji katikati ya chanjo, nacho kinapima joto usiku na mchana bila kupumzika, na kinakumbuka siku 30 zilizopita, kila siku na joto lake la juu na la chini. Mambo yakiwa sawa, kioo kinaonyesha alama ya vema. Yakiharibika, inatokea alama ya msalaba. Hakuna sentensi ya Kifaransa wala ya Kiingereza ya kusoma. Mkunga mwenzangu alikielewa asubuhi moja, na siku nisipokuwepo yeye ndiye anayenipigia simu.

Kabla yake tulikuwa na kipimajoto cha kawaida na ile karatasi ya mchoro inayobandikwa mlangoni mwa friji. Unasoma asubuhi, unaweka nukta. Unasoma jioni, unaweka nukta. Mwisho wa mwezi unaunganisha nukta na kupeleka karatasi kwenye ofisi ya zoni ya afya. Mstari wetu ulikuwa mzuri sana: 4, 5, 5, 4, 6, 5. Wasimamizi walikuwa wanautazama na kutupongeza. Jumapili hatufungui, kwa hiyo Jumapili nilikuwa ninaijaza Jumatatu: ninaangalia nukta ya Jumamosi, ninaangalia ya leo, ninaweka ya katikati. Sikuona kuwa ninadanganya. Niliona ninakamilisha karatasi ya serikali. Lakini hata nukta za kweli, zile nilizosoma kwa macho yangu, zilikuwa mbili tu kwa siku nzima, na zote mbili za saa za kazi. Usiku wa friji yetu haukuwa na shahidi.

Hapa nieleze jambo moja, maana ndilo linalofanya nikipende kifaa hiki. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto. Umeme ukikatika, kila mtu anakimbilia barafu. Lakini zipo chanjo ambazo baridi kali inaziua upesi kuliko joto: penta, ile chanjo moja ya magonjwa matano, ya homa ya ini B, ya pepopunda, ya nimonia. Zikiganda mara moja, basi, hata ukiziyeyusha na kuzirudisha kwenye nyuzi 5, nguvu imekwisha. Na ubaya wake ni kwamba kichupa kilichoganda na kuyeyuka hakikuonyeshi kitu. Ile alama ya mraba ndani ya duara iliyo kwenye lebo inabadilika rangi kwa ajili ya joto. Kwa baridi inakaa vilevile, nyeupe, safi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Na Lubumbashi yetu ni mji wa baridi. Mtu wa pwani hawezi kuamini, lakini tuko juu zaidi ya mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi watoto wanakwenda shule wamevaa sweta mbili. Mwezi huohuo delestaji, yaani mgao wa umeme, inakata umeme mchana kutwa, halafu unarudi usiku mnene ukiwa na nguvu zote, kwa sababu watu wamelala.

Kifaa kililetwa kwetu mwezi wa sita. Mwezi wa saba, Jumanne moja, nikafungua friji asubuhi kama kawaida. Kipimajoto cha zamani kilikuwa bado kinaning'inia mahali pake, kinasoma 4. Nukta nzuri. Kwenye kioo cha Fridge-tag kulikuwa na msalaba.

Nilidhani kimeharibika. Nilikitoa, nikakifuta unyevu kwa kitambaa, nikabonyeza READ. Jana: joto la juu 7.6. Leo, tangu usiku wa manane: joto la chini hasi 2.9. Nilibonyeza tena nikidhani nimekosea siku. Ilikuwa ileile.

Nilikwenda nacho kwenye kompyuta ya kituo. Hauhitaji kuingiza programu yoyote wala intaneti. Ukichomeka tu, kinajitengenezea ripoti ya PDF chenyewe, unaifungua na kusoma. Kifaa kimepangwa kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani: kinapiga alama ya hatari joto likikaa hasi 0.5 au chini yake kwa dakika 60 mfululizo, au likikaa juu ya 8 kwa saa 10 mfululizo. Angalia tofauti hiyo, wenzangu: kwa joto kinakupa saa 10, kwa baridi kinakupa saa moja. Ripoti ikasema usiku ule friji ilikaa kwenye mgando kwa muda wa saa nne na dakika kumi.

Sababu ilikuwa mkono wangu mwenyewe. Jumatatu umeme ulikatika kuanzia asubuhi, na saa za kutoka kazini zilipofika ulikuwa haujarudi. Friji yetu ya zamani ina ile swichi ya duara ya kuongeza baridi, namba 1 mpaka 7. Kabla ya kuondoka niliizungusha kutoka 3 mpaka 7, nikiwaza kwamba umeme ukirudi friji ipoe haraka, ifidie saa ilizopoteza. Nimefanya hivyo miaka yote. Niliyemrithi ufunguo alifanya hivyo, na ndiye aliyenifundisha. Asubuhi nikifika, ninairudisha kwenye 3, ninasoma 4 au 5, ninaweka nukta.

Tulikuwa na vichupa 18 vya penta, kila kimoja dozi 10. Sikuvitupa papo hapo, kwa sababu kuna kipimo cha kuhakikisha, kile cha kutikisa, na nataka nikieleze kama nilivyokifanya, maana wengi tulifundishwa semina moja tukasahau. Nilichukua kichupa kimoja kati ya vile, cha kiwanda kilekile na toleo lilelile, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito GANDISHWA, ili asije mtu akampa mtoto. Nikakilaza kwenye sehemu ya barafu usiku kucha mpaka kikawa jiwe. Kesho yake nikakiacha kiyeyuke chenyewe mezani. Halafu nikakishika mkono mmoja pamoja na kichupa ninachokitilia shaka, nikavitikisa pamoja kwa nguvu, nikaviweka kwenye kingo ya dirisha kwenye mwanga, nikakaa kwenye kiti mbele yake.

Chanjo nzima, ukiitikisa, inakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, na inabaki hivyo muda mrefu. Chembe zake zinashuka polepole. Iliyoganda inavunjika ndani kwa ndani. Unaona chembechembe kama unga wa bukari, yaani ugali, uliotupwa kwenye maji baridi, zinashuka, na juu panabaki maji maangavu. Kile cha GANDISHWA kilianza kutulia chini baada ya dakika chache. Na kile cha pili, cha friji yangu, kikashuka nacho sambamba, hatua kwa hatua. Dakika 15 zilipofika vyote viwili vilikuwa na tabaka nene chini na maji juu. Nilijaribu kingine, kutoka safu ya nyuma. Vilevile. Nikajaribu cha safu ya mbele, karibu na mlango: hicho kilibaki maziwa.

Tulitenga vichupa 11 tukaviandikia hati ya uharibifu. Saba vilibaki, baada ya kupimwa kimoja kimoja.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Sikuwa ninawaza vile 11. Nilikuwa ninawaza miezi ya saba ya miaka iliyopita, yenye mstari mzuri mlangoni. Mama anatoka mbali na mtoto wa wiki sita mgongoni, anarudi wiki ya kumi, anarudi wiki ya kumi na nne, mtoto analia, paja linavimba, kadi inapigwa muhuri. Tunamwambia: mama, sasa mtoto ana kinga ya kifaduro, ya dondakoo, ya pepopunda. Kwa wangapi kati yao nilichoma maji, siwezi kujua. Hakuna ripoti ya PDF ya miaka ile.

Sasa nirudi kwenye kifaa, maana kina upande mmoja ulioniletea aibu. Papa mlinzi wetu, sentinele kama tunavyomwita huku, ana daftari ambamo anaandika saa umeme unapokatika na unaporudi. Usiku ule aliandika: umeme umerudi 23:40. Ripoti ya kifaa ikasema alama ya hatari iliwaka 00:35. Piga hesabu: ni dakika 55. Na alama haiwaki mpaka dakika 60 za mgando zitimie. Maana yake friji iligandisha kabla umeme haujarudi, jambo ambalo haliwezekani. Tulikaa na daktari msimamizi, tukaamua kwamba Papa alikuwa amelala, kisha akaandika saa ya kubahatisha. Tulimwita, tukamsema. Mzee wa watu alinyamaza, akasema tu, "Mimi niliandika nilichokiona."

Ikapita wiki. Siku moja ninabonyeza READ, nikatupia jicho saa ndogo iliyo kwenye kioo cha kifaa: 07:12. Simu yangu ilisema 08:12. Walioturatibia kifaa walikiwasha kwa saa ya Kinshasa! Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, kila Mkongo anajua, kila siku tunasikiliza habari za redio kwa hesabu hiyo, na bado hakuna kati yetu aliyefikiria. Alama iliwaka 01:35 yetu. Umeme ulirudi 23:40 kama alivyoandika. Friji ilichukua dakika 55 kushuka hadi kwenye mgando, ikakaa humo dakika 60, alama ikawaka. Kila kitu kilikaa sawa, dakika kwa dakika.

Nilikwenda getini mwenyewe. "Papa, tulikukosea. Saa ya mashine ndiyo ilikuwa ya Kinshasa." Akasema, "Haina neno, mwanangu," lakini tangu siku ile ananionyesha daftari lake kila asubuhi bila kuulizwa, na mimi ninasaini kila ukurasa.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kufanya siku unapopokea kifaa chako, Lubumbashi, Goma au Bukavu, ni hilo: linganisha saa yake na simu yako. Sisi sote wa mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa.

Upande wa joto kimetuokoa pia, ingawa hapo sina mengi. Mwezi wa kumi, jua linapochoma kabla ya mvua, umeme ulikatika kwa saa nyingi. Zamani ningehamisha chanjo zote kwenye sanduku la baridi kwa haraka na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, na pengine ningeziua kwa baridi nikidhani ninaziokoa na joto. Safari hii nilifunga friji, nikakataza mtu kufungua. Jioni nilisoma mara moja: joto la juu 7.4. Alama ya vema. Nikaenda nyumbani.

Kasoro zake sasa. Ya kwanza: hakina namna ya kukuamsha. Hakitumi ujumbe kwenye simu. Usiku ule wa mwezi wa saba kilijua kila kitu tangu saa saba na nusu usiku, nami nimelala nyumbani dakika 20 kwa miguu. Kama kingeniita, huenda nusu ya vile vichupa vingepona. Vipo vifaa vingine vinavyotuma SMS, na kwa ghala la zoni au la mkoa ningetaka hivyo. Kwa kituo kidogo kama chetu, ambapo mtandao wenyewe unapotea, nadhani hiki kinatosha, mradi kuna mtu wa kukiangalia kila asubuhi na kila jioni, Jumapili zikiwemo. Tumepanga zamu ya Jumapili. Inalipwa nauli.

Ya pili: kile cha kawaida kinakaa ndani, kwa hiyo ili usome lazima ufungue mlango, na kila ukifungua baridi inamwagika miguuni mwako. Kipo cha aina nyingine, Fridge-tag 2E, ambacho kioo chake kinakaa nje na waya wenye kipimo unaingia ndani. Mkiwa na nafasi ya kuchagua, ombeni hicho.

Ya tatu: betri imefungiwa ndani. Ikiisha, kifaa chote kinabadilishwa. Si kitu cha kupeleka kwa fundi wa saa sokoni. Andika kwenye ukuta siku mliyokiwasha, ili msikie mapema kwamba kinazeeka, na muombe kingine kabla hakijazimika.

Ya nne ndiyo inayoniuma. Kifaa hiki kinajua friji peke yake. Chanjo zetu zinatoka ofisi ya zoni kwa pikipiki, ndani ya kibebeo chenye vifurushi vya barafu vinne, na safari hiyo haina shahidi, kama ulivyokuwa usiku wa friji zamani. Kibebeo kidogo kinaweza kugandisha penta upesi kuliko friji yoyote, kifurushi cha barafu kikiwekwa kigumu kama jiwe ubavuni mwa kichupa. Dawa yake ni ya bure: vitoe vifurushi kwenye friza, viache mezani, na usiviweke mpaka ukikitikisa kimoja sikioni unasikia maji yanacheza ndani. Kijana wa pikipiki hapendi kungoja. Mimi ninamwekea kiti na kikombe cha chai, tunangoja wote. Kampuni hiyohiyo ilitoa pia kidude kidogo kinachoitwa Freeze-tag, cha kusafiri na mzigo na kusema kama uliganda njiani. Sisi hatujakipata, na nimeshakiomba kwa maandishi mara mbili.

Kuhusu ripoti: mwisho wa mwezi ninachomeka kifaa, ninahifadhi PDF, ninaituma kwa WhatsApp kwa msimamizi wa zoni pamoja na picha ya ukurasa wa rejista ya akiba. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye baridi inayofaa tangu kiwandani mpaka kwa mtoto, kwa vitendo. Rejista inasema vichupa vingapi, kifaa kinasema vichupa vya hali gani, na mambo hayo mawili yakikutana kwenye simu ya mtu mmoja, anaweza kuamua. Mwezi uliofuata ule wa saba, zoni ilipogawa penta, ilitupa kwa hesabu ya vichupa saba tulivyobaki navyo. Kwa karatasi ya zamani wangehesabu 18, na mama wa wiki ya kumi angerudishwa nyumbani. Ningependa namba za kifaa ziingizwe pia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, pamoja na takwimu nyingine za mwezi, ziache kuzunguka kwenye simu za watu binafsi. Simu zinaibiwa.

Nikipe nyota ngapi? Nne kati ya tano, na ile ya tano ninaishikilia kwa sababu ya usiku ule ambao kilijua na hakikuniita. Lakini ukiniambia nichague kati ya kifaa hiki na friji mpya yenye karatasi ya nukta mlangoni, nitabaki na friji yangu ya zamani na kifaa hiki. Swichi sasa tumeifunga kwa plasta kwenye namba 3, na juu ya plasta kuna saini yangu. Penta nimezihamishia safu ya mbele, mbali na ukuta wa nyuma ambako baridi inatoka, na Fridge-tag imelala katikati yao.

Wenzangu wa Ruashi na wa Kenya, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, mlioniuliza: Ijumaa mchana ninakuwepo baada ya wamama kuondoka. Njooni na kifaa chenu, tukichomeke pamoja tusome siku zake 30, na kabla ya hapo tuangalie saa yake.